Futi 10 sio mita 3: vipimo vinavyotuchanganya hata kwenye ujenzi wa chumba kimoja

Shemeji yangu anajenga chumba kimoja uani kwake, chumba cha kawaida tu cha kupangisha, na siku mlango wa chuma umeletwa kutoka kwa welda ukagoma kuingia. Haukuzidi sana, kila mtu akiuangalia anaona unaingia, ila ukisukumwa unagota. Fundi ujenzi anasema mimi nimeacha nafasi kama ramani inavyosema, welda kwenye simu anasema mimi nimetengeneza nilichoambiwa, shemeji katikati anafoka kwamba mmoja wenu kanila hela. Tukachukua futi kamba tukapima upya na ikaonekana wote wawili wako sahihi.

Ramani iliandikwa 900, yani milimita 900, na fundi akaacha milimita 900 safi kabisa. Shemeji akampigia welda akamwambia nataka mlango wa futi tatu kwa saba, kwasababu ndo watu wote wanavyosema, futi tatu kwa saba. Sasa futi tatu ni milimita 914. Hizo 14 zilizozidi ni kama upana wa kidole, zinatosha kabisa kuzuia mlango. Kwa urefu ikawa mbaya zaidi, ramani ilisema 2100 na futi saba ni 2134. Pembeni ungeweza kuchonga tofali, lakini juu kuna lenta, na zege lenye nondo huchongi hovyo, ikabidi mlango urudi kwa welda ukatwe na kuungwa upya, nauli ya kirikuu mara mbili na siku tatu zimepotea.

Nimeandika hii kwasababu kila nikipita saiti nakuta ubishi wa aina hiyo hiyo, na watu wengi wanadhani tatizo ni hesabu ngumu. Hapana. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaifanya. Tatizo ni namba kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila jina la kipimo chake. Mtu anasema "tisini" au "tatu kwa saba", mwingine anapokea, na kila mmoja kichwani ana kipimo tofauti.

Kwanza tuelewane majina. Huku kwetu kuna familia mbili za vipimo vya urefu zinaishi nyumba moja. Familia ya kwanza ni ya mita. Mita moja ina sentimita 100, sentimita moja ina milimita 10, kwahiyo mita moja ni milimita 1000, kila kitu kinakwenda kwa kumi kumi. Familia ya pili ni ya futi. Futi moja ina inchi 12, na futi tatu zinafanya yadi moja, ile wazee wa vitambaa wanaita wari. Waingereza ndo walituachia futi na inchi, na nchi zetu zikaanza kuhamia kwenye mita mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini fundi alifundishwa na fundi mwenzake na sio na gazeti la serikali, kwahiyo mpaka leo ramani inachorwa kwa milimita, kiwanja kinapimwa kwa mita, tofali linaitwa la inchi sita, mbao ni inchi mbili kwa nne futi 12, nondo ni milimita 12, na taili ni sentimita 40 kwa 40. Chumba kimoja hicho hicho.

Daraja la kuunganisha hizi familia mbili ni namba moja tu: inchi moja ni milimita 25.4. Kamili, sio kadirio, nchi zinazotumia inchi zilikubaliana hivyo mwaka 1959 ili inchi ya Marekani na ya Uingereza ziwe kitu kimoja. Ukishika hiyo nyingine zote unazitoa hapo. Futi ni inchi 12, zidisha kwa 25.4 unapata milimita 304.8, yani sentimita 30.48. Yadi ni mara tatu yake, sentimita 91.44. Na ukigeuza upande wa pili, mita moja ni futi 3.28, au futi tatu na inchi tatu na ushee.

Sasa chukua rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30 yenye inchi upande wa pili. Angalia mwisho wake. Utaona alama ya 30 inaishia kabla, na alama ya inchi 12 inaipita kidogo, karibu nusu sentimita. Hiyo nusu sentimita ndo chanzo cha uongo mkubwa kuliko wote kwenye ujenzi, kwamba futi ni sentimita 30. Kwenye futi moja huoni kitu. Kwenye futi kumi umeshapoteza karibu sentimita 5, na ndo maana futi 10 sio mita 3, ni mita 3 na sentimita 5 kasoro kidogo. Nyumba ya futi 40 ukiipiga kwa 30 unapata mita 12 wakati ukweli ni mita 12 na sentimita 19, hapo mtu aliyekata mbao za kenchi kwa hesabu ya mita 12 analia.

Hiyo ya mita 3 na sentimita 5 inazaa kosa lingine ambalo naliona baya zaidi, kosa la nukta. Mita 3 na sentimita 5 inaandikwa 3.05. Mtu akiisoma kwa haraka, au akiitamka kwa simu, inakuwa "tatu nukta tano", na mwenzake anaandika 3.5, mita tatu na nusu, tayari kuna sentimita 45 za uongo, karibu tofali zima. Upande wa futi mambo ni mabaya zaidi maana futi haiendi kwa kumi. Futi 10 na inchi 6 ukiweka kwenye kalkuleta ya simu kama 10.6 umekosea, inchi sita ni nusu ya futi kwahiyo ni 10.5. Na kalkuleta ikikupa jibu la futi 10.6, hizo sita sio inchi, ni sehemu sita za kumi za futi, ambazo ni inchi saba na kidogo. Watu wanakosea hapa kila siku na wala hawajui kama wamekosea, kwasababu tofauti ni inchi moja moja tu, inafichwa na plasta, mpaka siku ya kabati au dirisha la alminiamu.

Ndo maana ushauri wangu, na huu nausimamia, ni kwamba kwenye karatasi ya saiti tumia milimita tu. Milimita haina nukta. 3050 huwezi kuichanganya na 3500 hata ukiwa umelala. Wachora ramani hawatumii milimita kwa kujionyesha, wanatumia kwasababu namba nzima haina pa kujificha. Fundi akisema futi 12 mwandikie 3658 pembeni, akisema futi 10 andika 3048, basi, kuanzia hapo kila anayekuja anasoma karatasi ile ile.

Tuje kwenye chumba chenyewe. Shemeji anasema chumba cha 12 kwa 10. Swali la kwanza ambalo hakuna aliyeuliza: ndani kwa ndani au nje kwa nje? Tofali la inchi sita liko pande zote mbili za chumba, kwahiyo kama fundi amepiga kamba futi 12 kwa 10 nje kwa nje, ndani umebaki na 11 kwa 9, na bado plasta haijaingia, plasta nayo inakula inchi moja au zaidi ukijumlisha kuta mbili. Mtu aliyepanga kitanda cha sita kwa sita na kabati anakuja kugundua mlango wa kabati haufunguki. Hapo hakuna namba iliyogeuzwa vibaya, ni namba ile ile 12 imepimwa sehemu mbili tofauti. Kwahiyo kila kipimo kiandikwe na neno lake, ndani au nje, kabla ya plasta au baada.

Kupata kona ya mraba mafundi wanatumia tatu nne tano. Unapima 3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama lazima ije 5, ikija hivyo kona imesimama. Watu wananiuliza hizo ni futi au mita, jibu ni kwamba haijalishi. Futi 3, 4, 5 sawa, mita 3, 4, 5 sawa, na kama eneo ni dogo sentimita 60, 80 na 100 sawa kabisa, maana kinachofanya kazi ni uwiano, kama ugali, vikombe vitatu vya maji na viwili vya unga unaweza kutumia kikombe chochote ila ukishaanza na kikombe kile usikibadilishe katikati. Saiti moja nimeona kijana anasoma upande wa inchi kwenye pande mbili halafu wa kuunganisha anausoma upande wa sentimita kwasababu futi kamba ilikuwa imegeuka, wakahangaika na ile kona nusu saa nzima. Ukimaliza kona zote nne, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Chumba cha 12 kwa 10 mshazari unatakiwa uje kama milimita 4760, lakini hata usipoijua hiyo namba cha msingi mishazari miwili ilingane.

Hapo hapo kwenye futi kamba kuna imani moja inaharibu vifaa vya watu. Ile ncha ya chuma mbele inachezacheza, inaingia na kutoka kidogo, na nimeshaona mtu anaigonga na nyundo ikaze kwasababu anaona imelegea. Usifanye hivyo. Imelegezwa kiwandani makusudi, inacheza kiasi cha unene wake yenyewe. Ukiikwamisha kwenye ukingo wa mbao inavutika nje, ukiisukuma kwenye ukuta inaingia ndani, ili mara zote mbili sifuri ianzie mahali sahihi. Ukiikaza, kila kipimo cha aina mojawapo kitakuwa na kosa la unene huo. Na kama saiti kuna futi kamba mbili, siku ya kwanza zilaze sambamba uangalie kama zinakubaliana kwenye mita tano, hasa zile za kitambaa au plastiki ambazo zikitumika sana zinavutika.

Mpaka hapa tumeongelea urefu. Kosa la hela nyingi liko kwenye eneo. Mtu ana chumba cha futi 12 kwa 10, anazidisha anapata futi za mraba 120, sawa. Anaenda dukani taili zinauzwa kwa skwea mita, anakumbuka mita ni futi 3.28, anagawanya 120 kwa 3.28 anapata 36 na ushee, ananunua taili za skwea mita 36. Chumba kinahitaji 11. Amenunua zaidi ya mara tatu.

Kwanini? Chora chini mraba wa mita moja kila upande. Upande mmoja una futi 3.28, na upande wa pili nao una futi 3.28, kwahiyo vimraba vya futi moja moja vinavyoingia mle ndani ni 3.28 mara 3.28, ambayo ni 10.76. Skwea mita moja ina futi za mraba karibu 11. Kama hutaki kukumbuka namba nyingine, geuza kila upande kwanza halafu ndo uzidishe: futi 12 ni mita 3.66, futi 10 ni mita 3.05, zidisha, 11.15. Taili za 40 kwa 40 hapo ni kama 70, ongeza za kukata na kuvunjika. Geuza kwanza, zidisha baadae, ukifuata mpangilio huo huwezi kuumia.

Zege la jamvi, yani la sakafu, ni kosa hilo hilo na kidogo juu yake. Fundi anasema jamvi la inchi nne, mtu anazidisha 12 kwa 10 kwa 4 anapata 480. 480 ya nini? Sio futi wala inchi, ni namba isiyo na mwenyewe. Inchi nne ni theluthi ya futi, au kama sentimita 10. Kwa mita: 11.15 mara 0.10, unapata mita ya ujazo moja na kidogo, na huo ndo ujazo wa zege lako.

Kuna vitu vingine usivigeuze kabisa. Bomba la choo wanaliita la inchi nne, ukipiga kwa 25.4 unapata milimita 101.6, ukifika dukani unakuta limeandikwa 110. Bomba za maji zile za kuchomea nazo hivyo, ya nusu inchi imeandikwa 20, ya robo tatu imeandikwa 25, ya inchi moja imeandikwa 32. Muuzaji hajakuibia. Inchi pale ni jina la ukoo wa bomba lililobaki kutoka zamani, milimita ndo kipimo cha nje cha bomba lenyewe, kwahiyo unalinganisha jina na jina, hufanyi hesabu. Mbao nayo mbili kwa nne ikishapigwa randa haiwezi kuwa tena mbili kwa nne, ilikuwa hivyo ilipotoka kwenye msumeno. Na geji ya bati sio urefu wala unene unaousoma moja kwa moja, inakwenda kinyume, geji 28 ni nene kuliko geji 30, so anayekwambia "nakupa ya 32, ni kubwa zaidi" muulize unene kwa milimita.

Nimalizie na ardhi yenyewe, maana ugomvi mwingi unaanza kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kiwanja kinauzwa "20 kwa 20" na mnunuzi anasikia mita, muuzaji anatembea hatua. Hatua ya mtu mzima wa kawaida ni kama sentimita 75, hatua ishirini ni mita 15, na 15 kwa 15 ni skwea mita 225 badala ya 400. Karibu nusu ya kiwanja imeyeyuka na hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Ile ya wakulima kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70 inakaribia ukweli kama hatua yako ni ndefu kama yadi, maana 70 za yadi ni mita 64, na 64 kwa 64 inakuja kama skwea mita 4,100, ekari yenyewe ni 4,047. Kwa hatua fupi haifiki hata 3,000. Wenzetu Kenya wana kiwanja cha fifti bai handred, yani 50 kwa 100, hiyo ni futi, mita 15.24 kwa 30.48, na wengi wanaiita moja ya nane ya ekari wakati moja ya nane kamili ni futi za mraba 5,445 na yenyewe ni 5,000. Kabla hujatoa hela, kamba au futi kamba ilale chini na jina la kipimo liandikwe kwenye mkataba.

Wazee wa pwani walikuwa na shubiri, wanda, dhiraa na pima, vipimo vya mkono na mwili, na kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko iliyopatikana, kwahiyo vyumba vingi ni vyembamba, havifiki mita tatu. Boriti yenyewe ndo ilikuwa kipimo.

Sisi tulifanya kitu kama hicho kwenye grili ya dirisha la chumba kile cha shemeji. Baada ya balaa la mlango fundi alichukua ubao mwembamba, akausimamisha kwenye nafasi ya dirisha iliyoshapigwa plasta, akaukata ukaingia bila kubanwa, akakata na wa pili wa upana, akaandika kwa kalamu ya seremala juu yake UREFU na UPANA na neno NAFASI YA UKUTA. Shemeji akapanda bodaboda na mbao zake mbili. Welda akazilaza juu ya chuma, akapunguza milimita tano kila upande ili grili ipite, akakata. Hakuna mtu aliyetaja futi wala sentimita, na jioni ile ile grili iliingia.